Mbio zisizoonekana: saa za kielektroniki na utangazaji wa moja kwa moja kwenye mbio za ramani na dira

Swali: Mimi ni mwalimu wa jiografia na mlezi wa maskauti katika shule moja upande wa Kasarani. Mwaka jana tuliandaa mbio za ramani na dira, ambapo kila mtoto hutafuta vituo vilivyotiwa alama kwenye ramani, msituni Karura jijini Nairobi, kwa kadi za karatasi na stopuwochi. Matokeo yalichelewa mno, na wazazi wengi wakaondoka kabla hatujajua mshindi. Mwaka huu tumeahidiwa seti ya kuazima ya SPORTident, visanduku vya kielektroniki vya kupima muda, na kijana mmoja mwenye sauti nzuri amejitolea kutangaza. Tunatarajia watoto kama 120. Vile visanduku hupimaje muda? Kukitokea ubishi, nani aaminiwe? Na mtangazaji atajuaje kinachoendelea ilhali wakimbiaji wote wamemezwa na miti?

Jibu: Mwalimu, swali lako la tatu ndilo linalopaswa kutangulia, kwa sababu wengi huliacha hadi asubuhi ya mashindano. Wanapanga njia, wanatundika bendera, wanafunga spika, halafu wanamkabidhi mtangazaji kipaza sauti na kumwambia achangamshe watu. Kumbe atakachokisema saa nne asubuhi kilishaamuliwa siku ulipoketi na ramani ukachora njia. Mchezo huu hauonekani. Katika msitu mzima una sehemu tatu au nne tu zinazoweza kukuletea habari, na ukizichagua vibaya, hata sauti tamu kuliko zote itaishia kusoma orodha ya majina. Nitarudi hapo kwa kirefu. Kwanza tuelewane kuhusu saa, maana mtangazaji asiyejua namba yake imetoka wapi atawapotosha watu kwa nia njema.

SPORTident ni mfumo wa Kijerumani, kampuni yenyewe iko Arnstadt. Kila mtoto anavaa chipu ndogo kidoleni. Kwenye kila kituo kuna bendera ya rangi ya chungwa na nyeupe, sentimita 30 kila upande, na kando yake kisanduku chenye tundu. Mtoto akichomeka chipu, kisanduku kinaandika ndani ya chipu hiyo namba ya kituo na saa ya wakati huo, kisha kinalia na kuwaka taa. Wakati huohuo kinajiwekea kumbukumbu yake chenyewe: chipu namba fulani ilipita hapa saa fulani. Kwa hiyo kuna maandishi mawili ya tukio moja, moja kwa mtoto na jingine msituni. Mfumo wa Emit wa Norwei unafanya kinyume: saa iko ndani ya kadi ya mkimbiaji, inaanza kuhesabu pale mwanzoni, na vituo vinaitambulishia kadi namba zao tu. Naitaja tofauti hii kwa sababu inakueleza udhaifu wa seti utakayoazima. Kwenye SPORTident kila kisanduku ni saa inayojitegemea, na saa 20 zilizokaa kwenye sanduku miezi kadhaa hazikubaliani.

Je, zikitofautiana inadhuru? Inategemea ni zipi. Tuseme kisanduku cha kituo chenye namba 47 kimetangulia kwa sekunde 20. Kila mtoto ataonekana ametumia sekunde 20 zaidi kufika 47, na sekunde 20 pungufu kutoka hapo hadi kituo kinachofuata. Muda wake wa jumla hauguswi hata kidogo, kwa kuwa jumla ni saa ya kumaliza ukiondoa saa ya kuanza. Tena mtangazaji akisema binti wa kwanza alipita 47 akiwa sekunde saba mbele ya mwenzake, amesema kweli, maana wote wawili wamepimwa na saa ileile yenye kosa lilelile. Sasa hamia kwenye mstari wa kumalizia. Umeweka visanduku viwili ili watoto wasipange foleni, na kimoja kimetangulia chenzake kwa sekunde nne. Wasichana wawili walioanza kwa wakati mmoja wanafika bega kwa bega, mmoja anachomeka kushoto, mwingine kulia. Mmoja ameshinda kwa sekunde nne ambazo hazikuwepo, na hakuna mtu uwanjani atakayegundua. Kosa la namna hii ndilo linaloniumiza zaidi katika kazi hii, kwa sababu halipigi kelele.

Dawa yake ni rahisi. Jioni ya kuamkia mashindano, rekebisha saa za visanduku vyote kutoka chanzo kimoja, vyote kwa kikao kimoja. Kisha chukua chipu moja, ichomeke kwenye kila kisanduku mezani, kimoja baada ya kingine bila kusita, na uchapishe ile karatasi ya vipande, yaani ya muda kati ya kituo na kituo. Tofauti kati ya kisanduku na kisanduku inapaswa kuwa ile sekunde moja au mbili ya mkono wako kusogea. Ukiona kumi, au ukiona muda unarudi nyuma, umemkamata mkorofi kabla hajafika msituni.

Kuhusu kuanza, kuna njia mbili, na hapa ndipo kipimo cha muda na utangazaji hukutana. Unaweza kumruhusu mtoto achomeke chipu kwenye kisanduku cha kuanzia akiwa tayari, au unaweza kumwachia kwa dakika iliyoandikwa kwenye orodha. Njia ya kwanza ni rafiki wa shule, maana basi likikwama Thika Road hakuna kinachoharibika. Ila ina gharama moja: saa ya kuanza inakaa ndani ya chipu na kisanduku tu, na kompyuta haitaijua hadi mtoto arudi chipu yake isomwe. Akipita kituo chenye redio ya kutuma habari uwanjani, katikati ya msitu, utajua amepita saa ngapi, lakini hutajua ametumia dakika ngapi. Mtangazaji hana la kusema. Ushauri wangu ni ugawe. Madarasa mawili makubwa, yaani makundi ya mashindano ya wasichana na wavulana wanaogombea kikombe, yaachiwe kwa orodha, mmoja kila baada ya dakika mbili. Watoto wadogo na wanaojifunza watumie kisanduku. Na kwa wale wa orodha, ile saa ya mezani anayotumia mwachiaji nayo ni sehemu ya mitambo, ilandanishwe na visanduku. Simu ya mtu iliyowekwa tu mezani haitoshi.

Jambo dogo hapa ambalo huleta vurugu kwetu: mashine inaandika 09:36, mwachiaji anaita saa tatu na dakika 36, na mzazi aliyesoma orodha mtandaoni anaelewa vingine. Karatasi ya mwachiaji na ya watoto ziwe na tarakimu zilezile za mashine. Mtangazaji yeye aseme saa kama watu wanavyosema.

Kabla ya kuanza kuna visanduku viwili ambavyo watoto huviruka kwa papara: cha kufuta na cha kukagua. Cha kufuta kinaondoa kumbukumbu za mbio zilizopita. Chipu za zamani huchukua sekunde kadhaa kufutika, na mtoto akichomoa mapema ataingia msituni na mabaki ya watu wengine. Cha kukagua kinathibitisha kuwa chipu iko safi, na kwangu mimi kazi yake kubwa ni nyingine kabisa. Kumbukumbu ya kisanduku hicho ndiyo orodha ya kweli ya walioingia msituni. Saa saba mchana, ukilinganisha orodha hiyo na ya chipu zilizosomwa, waliobaki ndio walio bado ndani ya Karura. Usikunje bendera hata moja kabla orodha hiyo haijawa tupu. Na weka mtu mmoja makini kwenye meza ya kugawa chipu, kazi yake iwe namba ya chipu na jina tu, kwa sababu watoto hubadilishana chipu bila kuona ubaya wowote.

Sasa ubishi. Anayeaminiwa ni chipu. Kama chipu haina kituo, mtoto hana kituo, hata kama rafiki yake anaapa alimwona pale. Kama kisanduku chenyewe kilikufa, kwa betri au kwa maji, mtoto asiyesikia mlio anapaswa kutoboa pembeni mwa ramani yake kwa ile koleo ya pini inayoning'inia kituoni, na matundu hayo yanahesabika. Lakini kuna mtego unaowaliza wengi. Mtoto mwenye haraka anachomoa chipu kabla ya mlio. Kisanduku huenda kimeshika namba yake, chipu haina kitu. Ukienda kusoma kumbukumbu ya kisanduku utaikuta namba, mzazi atakuonyesha, na utaona huruma. Kanuni za shirikisho la kimataifa la mchezo huu, IOF, zinasema waziwazi kuwa hapo mkimbiaji hahesabiwi, kwa kuwa kusubiri ishara ni jukumu lake. Ukilegeza kwa mmoja utalegeza kwa wote, kwa hiyo liseme hilo mapema, mara nyingi, kwa sauti: usiondoke bila mlio.

Tufike kwenye redio. Huhitaji kuunganisha kila kituo. Kwa mashindano ya ukubwa wako, vituo vitatu vya redio kwa kila darasa kuu vinatosha, na viwili vilivyowekwa vizuri vinashinda vitano vilivyowekwa ovyo. Cha kwanza kiweke karibu theluthi moja ya njia, baada ya kipande kirefu cha kwanza chenye uamuzi mgumu. Watoto wamegawanyika pale: mmoja amezunguka kwa njia pana, mwingine amekata moja kwa moja kupitia kichaka na kuvuka mto. Kituo kinachofuata ndicho kinachosema nani alichagua vizuri, na hiyo ni habari. Ukikiweka mwisho wa kipande cha kukimbia tu barabarani, utapata namba zisizo na kisa. Cha pili kiwe karibu theluthi mbili, pale miguu inapochoka na ramani inaanza kusomwa vibaya. Cha tatu kiwe dakika moja au mbili kabla ya mwisho. Hiki ni cha kumtaarifu mtangazaji, ili mtoto anapochomoza mitini jina lake liwe limeshatajwa na wazazi wameshasimama. Nikilazimika kubaki na kimoja tu, nabaki na hiki.

Kama eneo linaruhusu, chora njia ya darasa kuu ipite mara moja mbele ya watazamaji katikati ya mbio, kisha irudi msituni. Inakugharimu kalamu tu, na mzazi anamwona mwanawe akiwa bado na kazi mbele, tope magotini, ramani mkononi.

Karura ina hekta zaidi ya 1,000, na mabonde ya mito yake ndiyo adui wa mawasiliano. Juu kwenye uwanda simu inashika vizuri. Shuka kingoni mwa mto na ishara inayumba. Majani mabichi na maji humeza mawimbi ya redio ndogo za masafa mafupi, kwa hiyo antena iliyofungwa usawa wa kisanduku, ndani ya kichaka, baada ya mvua, haitafika mbali. Iinue juu kuliko kichwa cha mtu, hata kwa fimbo ya mwanzi. Ujumbe wa mguso mmoja, yaani wa chipu kuchomekwa mara moja kituoni, ni baiti chache mno, mtandao dhaifu unaubeba bila taabu. Tatizo ni mtandao unaokuja na kuondoka. Kifaa kinachotuma kiwe na uwezo wa kuhifadhi miguso na kuituma tena ishara ikirudi, na kikiwezekana kiwe na laini mbili za kampuni tofauti. Nenda pale mahali penyewe siku moja kabla, na laini zilezile, ujaribu ukiwa umeinama kituoni. Jaribio la barabarani halikuambii kitu. Upande wa uwanjani, MeOS, programu ya Kiswidi inayopatikana bure, inapokea miguso ya redio na ina ukurasa wa mtangazaji.

Kama seti ya kuazima haina redio, usikate tamaa. Skauti mkubwa mwenye simu, aliyejificha hatua kadhaa kutoka kituoni ili asigeuke kuwa alama ya kuonyesha kituo kilipo, anaweza kutuma namba ya kifuani na saa kwenye kikundi cha WhatsApp. Saa zake si za kuandika kwenye matokeo, lakini kwa kusimulia zinafaa sana. Ukifikiria redio za mkononi, kumbuka masafa yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, ulizia kibali kabla. Na spika vilevile: Karura ni ya watu wengi na ya mbega pia, kwa hiyo kubaliana na Huduma ya Misitu mapema mahali pa kuweka spika na zielekee wapi.

Sasa kijana wako. Mpe mtu wa pili wa kukaa naye, asome skrini na kumsukumia vikaratasi. Sauti moja haiwezi kusoma, kupiga hesabu na kusimulia kwa wakati mmoja. Kisha mfundishe jambo moja ambalo ndilo moyo wa kutangaza mbio za kuachiwa mmoja mmoja: habari inaanza kabla ya mguso.

Chukua kituo 47. Muda bora hadi sasa ni dakika 18 na sekunde 20. Msichana anayefuata aliachiwa saa tatu na dakika 36 kamili. Kwa hiyo ili aongoze, lazima awe pale kabla ya saa tatu, dakika 54 na sekunde 20. Mtangazaji anajua hilo dakika kumi kabla. Saa inapofika dakika ya 54 anawaambia watu: yuko msituni sasa hivi, amebakiwa na sekunde ishirini. Kumi. Tano. Hakuna mlio. Sekunde ya ishirini inapita, na kila sekunde inayofuata ni pengo ambalo hadhira nzima inaliona likipanuka, ingawa hakuna kilichotokea mbele ya macho yao. Sekunde ya 31 mguso unaingia: sekunde 11 nyuma. Nimewaona watu ambao hawajawahi kushika dira wakinyamaza kwa ajili ya ukimya wa kisanduku kilichoko kilomita mbili kutoka walipo. Vuta hesabu hiyo kwa kila mgombea wa kikombe, andika saa zao za mwisho kwenye karatasi moja, na kijana wako hatakosa la kusema.

Tahadhari yake ni ileile ya mtandao. Mguso unaweza kufika sekunde 40 lakini ndani yake umeandikwa sekunde 16, maana ishara ilikwama bondeni. Basi msichana huyo hakuwa nyuma, alikuwa mbele kwa sekunde nne. Kwa hiyo mtangazaji asome saa iliyoandikwa ndani ya ujumbe, asitazame saa aliyoupokea. Na sekunde zikipita bila mguso aseme "hatujampata bado", asiseme "amepoteza".

Mtu asipotokea kabisa, ndipo ulimi unapaswa kuwa mzito zaidi. Mwaka 2009, kwenye mbio za kupokezana za mashindano ya dunia huko Miskolc, Hungaria, Martin Johansson wa Uswidi alichomwa pajani na kijiti akiwa miongoni mwa wanaoongoza. Thierry Gueorgiou wa Ufaransa, Anders Nordberg wa Norwei na Michal Smola wa Jamhuri ya Cheki, waliokuwa wakiwania medali, waliacha mbio wakamsaidia. Uswisi ikashinda. Mtangazaji ambaye angeropoka kuwa wale wamepotea njia angewatukana watu waliokuwa wakifanya jambo kubwa kuliko medali. Mtoto akichelewa, mtangazaji ataje muda tu, na msomaji wa skrini aende kimyakimya kumwambia msimamizi wa usalama.

Yapo pia ya kutosema kabisa. Wanaosubiri kuanza wasisikie ni kipande gani kinawashinda wenzao, wala njia ipi imelipa. Kama spika inafika eneo la kuanzia, hamisha moja kati ya hivyo viwili. Neno "ameshinda" lisitoke hadi chipu isomwe, kwa kuwa aliyevuka mstari wa kwanza huenda alikosa kituo cha tano na hajui. "Anaongoza kwa sasa" ni kauli ya kutosha. Na kwa kuwa hawa ni watoto, majina yao yakienda mtandaoni, au wakivalishwa vifaa vya kufuatilia walipo, uwe na ridhaa ya wazazi kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai ridhaa ya mzazi, na maandishi ndiyo ushahidi wako.

Umeniambia mwaka jana wazazi waliondoka kabla ya matokeo. Weka meza ya kusomea chipu mbele yao, na printa ndogo juu yake, isiwe ndani ya hema. Kila mtoto atatoka na karatasi yake yenye muda wa kila kipande, na robo saa nzima utawakuta wameinama wawili wawili, ramani kati yao, wakibishana kwa nini mmoja alitumia dakika nne kufika kituo cha sita na mwenzake tisa. Mwambie kijana wako apite pale kila akipata nafasi, asikilize, na arudi na majibu kwenye kipaza sauti. Wazazi watamsikia mtoto wao akielezewa alivyofikiri, na kwa mwalimu wa jiografia karatasi hizo ni kipindi cha Jumatatu. Ukishapanga njia zako, nitumie ramani na orodha ya vituo nikutazamie pa kuweka redio kabla hujatundika bendera.